Mate ya Ghaishena

Mama yao alipofariki, imzad yake, ile zeze ya uzi mmoja, ilikwenda kwa Tumma, mtoto wa pili. Ghaishena, kifungua mimba, aliachiwa mbuzi. Wanawake wa bonde walimfariji kwamba mbuzi huzaa na zeze haizai, naye akaitikia, "Kweli." Lakini kila Tumma alipoiweka zeze mapajani na wanaume wakanyamaza kumsikiliza, Ghaishena alihisi kama amemeza kaa la moto.

Basi akaja Aghali, mtoto wa mjomba wao, aliyesomea vinasaba huko Niamey. Alikuwa akizunguka milima ya Aïr akikusanya mate ya wanawake kwenye vichupa, apate kujua Watuareg walitoka wapi: nani bibi zake walishuka kutoka kaskazini, nani walipanda kutoka kusini. Alifuata mstari wa mama, na watu walimwelewa upesi, maana huko mtu ni tumbo lililomzaa.

"Hapa nitamchukua Tumma," alisema akimimina chai.

"Kwa nini Tumma? Mkubwa ni mimi."

"Mmoja anatosha, binamu. Mnachobeba ni kile kile, mmekipata kwa mama yenu. Tena mate yako wewe makali, yatatoboa kichupa changu!"

Watu wakaangua kicheko. Utani wa mabinamu ni ruhusa, na siku nyingine Ghaishena angemrudishia neno la kumfanya avute kilemba hadi machoni. Siku hiyo alibaki na neno moja tu kichwani. Kile kile! Alimtazama mdogo wake akitema mate kwa madaha, na lile kaa likashuka hadi tumboni.

Siku chache baadaye alipakia jibini juu ya punda, akaenda Teghazart, bonde la ng'ambo ya mlima, kutafuta mtama. Watu wa Teghazart na watu wa kwao walikuwa na ugomvi wa kisima tangu enzi za babu zao. Waliuziana vitu, hawakuozana. Huko alimkuta msaidizi wa Aghali akikusanya mate, binti mgeni asiyejua sura ya mtu. Wenyeji walikuwa malishoni.

"Jina lako, dada?"

"Tehit," alijibu Ghaishena. Tehit alikuwa mwanamke wa pale, aliyeolewa mbali, Tamanrasset, na aliyekuja kwao mara moja moja. Akamtaja na mama wa Tehit. Kisha akatema. Hakuwa na hila zaidi ya hiyo. Alitaka tu mate yake yafike yalikofika ya Tumma. Alirudi nyumbani akiimba.

Mvua zilikuja zikapita. Aghali akarudi mbio, hata ngamia hajampigisha magoti vizuri.

"Tumma wa hapa na Tehit wa Teghazart, bibi yao ni mmoja! Hawatofautiani hata chembe!"

Habari ikavuka mlima. Watu wa Teghazart wakaja na ngamia waliopambwa, na Bi Raghma, bibi mkuu wa ukoo wao, akamkumbatia Tumma akilia. "Mwanetu! Tuligombea maji na damu yetu wenyewe!" Wazee wakakubaliana kisima kiwe cha wote. Kondoo wakachinjwa, wanawake wakapiga ngoma, na Tumma akaketishwa katikati na zeze yake, akafunikwa shali mpya ya buluu begani.

Ghaishena alikuwa akigawa nyama. Alistahimili kukumbatiwa, alistahimili na nyimbo. Shali ndiyo iliyomshinda.

"Hayo mate ni yangu!" alipiga kelele. "Tehit ni mimi! Mimi ndiye niliyetema Teghazart!"

Ngoma ikakatika. Aghali akasimama.

"Binamu, sema unatania."

"Sitanii."

"Nimeshayasoma majibu hayo mbele ya walimu wangu, Ghaishena. Mbele ya watu!"

Bi Raghma hakufoka. Aliitoa shali begani kwa Tumma, akaikunja vizuri, akaitia kwapani. Watu wake wakapanda ngamia wao nyama ikiwa bado motoni. Kisima kikarudi kuwa cha ugomvi.

Majira yote ya baridi Tumma hakumsemesha dada yake. Aghali akapima upya, safari hii mwenyewe, na mistari ya mabonde mawili ikaonekana iko mbalimbali kabisa. Aliyaleta majibu akiwa mkavu, bila utani.

"Na mimi na Tumma?" Ghaishena aliuliza. "Hakuna hata kitu kimoja ambacho mama alinipa mimi tu?"

"Kwenye mstari wa mama, hakuna."

Ghaishena aliinama. Tumma, aliyekuwa akisikiliza mlangoni mwa hema, ndipo alipofungua kinywa.

"Alikupa wewe kumwosha alipokuwa mgonjwa. Mimi alinifukuza. Alisema, niitieni Ghaishena. Unadhani sikuona wivu?"

Ghaishena alitoka akaenda kukamua mbuzi, na Tumma akamfuata kushika kamba. Jioni ile Ghaishena alifunga mtindi kwenye kiriba, akashika njia ya Teghazart, peke yake, kumwomba Bi Raghma radhi.