Msomaji wa Raihana

Katika darasa la kuandika na kusanifu kurasa za mtandao, Profesa Sylvère alitenga alama kwa kila ukurasa wenye msomaji anayerudi. Raihana, aliyepanga chumba peke yake mtaa wa Mutanga Sud, aliandika jinsi marehemu mama yake alivyokaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kule mtaa wa Jabe. Kihesabu cha ukurasa kikaonyesha msomaji, mmoja tu, lakini si haba: hakukosa jioni hata moja. Raihana akawa analala akijua kuna mtu.

Siku ya kusahihisha, Profesa alifungua takwimu za wageni mbele ya wote.

"Raihana, huyu mutu wako anatumia simu ya zamani, tena yuko Mutanga Sud. Unamujua?"

"Muchumba huyo!" akarusha Jimmy kutoka viti vya nyuma, na darasa likacheka.

Hapo Raihana akang'amua. Kila jioni yeye mwenyewe aliufungua ukurasa kwenye simu ya mama, aone kama maandishi yanaenea kwenye kioo kidogo. Angenyamaza, alama zingekuwa zake.

"Apana, Prof. Ni mi. Simu ni ya marehemu mama."

Profesa akazifuta alama, polepole.

Jioni ile Raihana aliichaji tena ile simu, akaufungua ukurasa. Safari hii hakukagua kitu. Alisoma tu, mpaka chini.