Toa Kivuli

Katika maisha yangu yote nilimpiga mke wangu picha mara moja tu, na nikamkata kichwa.

Kamera ilikuwa yake. Aliinunua kwa baharia mmoja Mgiriki aliyekuwa anauza kila alichonacho apate nauli ya kurudi kwao. Hata meli alitutajia bei, na bei ilikuwa nzuri, ila tulikosa pa kuiegesha. Atupele hakuruhusu mtu aiguse kamera ile. Jumapili moja kule Bluff, ufukweni mwa Durban, nilimbembeleza mpaka akanipa kwa shingo upande, nikabonyeza. Filamu iliposafishwa tukaona viatu vya kanisani, kitenge kipya, mikono miwili kiunoni, na juu ya mabega, pale uso ulipopaswa kuwa, meli ya makontena inajipitia zake.

"Gadiel, umenichinja!" Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaichanachana picha ile, na tangu siku hiyo kamera haikutoka tena mkononi mwake.

Ndiyo maana picha zetu zote sisi tumo, yeye hayumo. Kitambulisho chake kilibaki ofisini siku nilipokwenda kuandikisha kifo. Dada yake kule Tukuyu alikuwa na picha moja ya shule, panya wakaila kuanzia usoni. Walikuwa panya wenye adabu, maana sketi waliiacha.

Kilichobaki ni kivuli. Boksi la filamu lilikuwa limeandikwa kwamba mpigaji asimame jua likiwa mgongoni kwake, na Atupele alikuwa mtu wa kutii maandishi. Jumapili tulitoka mchana, tulifika Bluff jua limeshainama, kwa hiyo kila picha ina sisi tumesimama kwenye nyasi, bahari nyuma yetu, na chini mbele, karibu na miguu yetu, kivuli chake: viwiko vimetoka huku na huku kama mikono ya sufuria, na juu fundo la kilemba kama kishikio cha kifuniko.

Atupele alifariki wakati binti yetu Benedicta bado anavaa viatu kinyume. Sura ya mama yake haikumkaa. Kilichomkaa ni ile sufuria. Alikuwa anaitoa albamu chini ya kitanda, anaweka kidole juu ya kivuli, anasema, "Shikamoo, mama." Na mimi nikiwa jikoni nyuma ya mlango naitikia kwa sauti nyembamba, "Marahaba, mwanangu."

Sasa, kivuli cha jioni ni kirefu, na mimi sijawahi kuona nafasi ya uongo nikaipita bila kuingia. Mtoto aliniuliza kama mama alikuwa mrefu hivyo kweli. Nikamwambia, mrefu wewe! Robot, hizi taa za kuongoza magari, zikizimika, manispaa walikuwa wanamfuata mama yako abadilishe taa, maana hakuhitaji ngazi. Nikamwambia twiga wa mbugani walikuwa wanamwamkia. Atupele mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akitaka kikombe cha rafu ya pili anapanda kigoda.

Basi ikaja mvua ile ya Aprili, ambayo kila mtu Durban ana hadithi yake. Nyumba yetu Sydenham iko bondeni, chini ya barabara. Maji yaliingia bila hodi. Nimetengeneza mafriji miaka yote mpaka nikastaafu, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza kuona friji la jirani linapita dirishani kwangu, limesimama wima, na taa ya ndani inawaka. Tulitoka salama, mimi na Benedicta na tumbo lake la miezi minane. Albamu haikutoka. Tulipoipata chini ya tope ilikuwa imeshikana, kitu kimoja kizito, harufu yake ya bwawa.

Mtoto alizaliwa, wa kike, akaitwa Atupele. Ubatizo ukapangwa. Benedicta akaniambia, "Baba, siku ile nataka bibi awepo mezani. Hata kivuli. Mwanangu ajue alipewa jina la mtu, si jina la hewa."

Nikalibeba lile bonge kwenye mfuko wa plastiki mpaka Overport, kwa Hardy. Hardy ni Mkongo wa Uvira, baba wa watoto watatu, ana duka la simu ubavuni mwa saluni. Anatengeneza simu, na watu wakioa au wakifa ndiye anayechapa picha zao. Alilitazama bonge, akalinusa.

"Papa Gadi, hii si foto tena. Hii ni mkate."

"Basi ikate slesi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nitatia mu maji safi, nitaachanisha moja moja. Lakini rangi itakimbia, Papa. Nitaipiga na simu mara moja tu, kisha inakufa. Karatasi itabakia nyeupe."

"Mara moja yatosha. Nitolee kivuli tu."

"Kivuli?"

"Kivuli, mwanangu. Picha zote, usiache hata moja."

Ni lazima niwaeleze kidogo hapa. Marehemu baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya, nami nilikulia kwenye korido zake. Pale, karatasi ikihitaji nakala, ulitumwa ukaitoe kivuli. Cheti kilitolewa kivuli, barua ilitolewa kivuli, na mashine yenyewe tuliiita ya kutolea kivuli. Neno kopi nimelisikia uzeeni, na ulimi wangu mpaka leo haujalizoea.

Siku mbili baadaye Hardy akanipigia simu. "Papa, hii kivuli iko karibu mu foto zote. Nitoshe zote, kweli?"

Kwangu mimi kutosha ni kutosha. Ugali umetosha, kiatu kimetosha. Nikadhani ananiambia nakala ziko karibu kwisha, na anauliza kama picha zote zienee kwenye albamu mpya. "Zitoshe zote," nikasema. "Isikose hata moja."

"Iko kazi mingi, Papa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, fundi."

"Sharp," akasema, ndiyo "sawa" ya vijana wa Durban.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ubatizo, tukaenda kuzichukua, Benedicta na mtoto mgongoni. Hardy alikuwa amevaa shati la kola. Alikuwa amefuta kioo cha meza yake ya duka, amezipanga picha juu yake kama mtu anayetandaza karata akijua ameshinda.

Sikuamini. Nyasi zilikuwa za kijani, bahari ni bahari. Mimi nilikuwemo na nywele zangu. Benedicta alikuwemo na magoti yake yenye vidonda.

"Baba, shati gani hili!" Benedicta alicheka. "Umevaa pazia?"

"Pazia ndilo lililoshonwa kutokana na shati hilo," nikamjibu.

Akaendelea kuzipitia, picha baada ya picha, kisha akaanza kuzipitia haraka. Akarudi ya kwanza. Akaisogeza karibu na macho.

"Baba, kivuli kiko wapi?"

Nami nikainama. Nyasi. Miguu yetu, na mbele ya miguu nyasi safi za kijani mpaka mwisho wa picha.

Hardy alikuwa anangoja kusifiwa. "Haiko!" akasema. "Nilitosha yote. Ile kivuli ilikuwa inaharibu foto, ilikuwa kama sufuria mukubwa mbele ya watu. Nilikata nyasi hapa, nikapanda hapa. Muangalie vizuri. Hamuwezi kujua kama kulikuwa kitu."

Kweli tusingeweza. Kazi ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme. Laiti ingekuwa mbaya. Laiti angeacha hata ncha ya kiwiko.

Benedicta alikuwa bado ameishika ile ya kwanza. Ukutani upande wa pili tulisikia kikausha nywele cha saluni kikivuma. Hardy akadhani tumezidiwa na furaha, akaona aongeze maneno.

"Iko kitu kimoja nilikuwa ninajiuliza, Papa. Mu hizi foto bote munacheka, bote munaangalia fasi moja. Munachekea nani?"

"Mama," Benedicta akasema.

"Mama yako? Aiko mu foto hata moja. Iko wapi?"

"Umemtoa."

Nilimwona Hardy akizitazama picha upya, moja baada ya nyingine, na uso wake ukishuka. Akaikamata simu yake, akatafuta, akatafuta tena. Zile za mwanzo alikuwa amezifuta ili zipate nafasi hizi nzuri. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na karatasi mbili tatu zilizokauka na kujikunja. Tulizigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Nyeupe.

"Papa," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya fundi, "wewe mwenyewe ulisema. Nilikuuliza mara mbili. Ulisema toa kivuli, usiache hata moja."

Nikamwambia kwetu kivuli ni nakala. Akaniambia kwao kutosha ni kutoa. Tulielezana hivyo, kila mmoja na Kiswahili chake, na hakuna aliyekuwa amekosea hata neno moja. Hardy akakaa juu ya boksi la chaja, akaficha uso.

"Mbona haukusema kopi, Papa? Hata mutoto anajua kopi."

Benedicta alimshika bega. Yeye ndiye aliyefiwa na yeye ndiye aliyetoa pole. "Kaka Hardy, hukujua. Inuka. Zifunge tuondoke, mtoto ana njaa."

Tuliteremka kuelekea Sydenham kwa miguu. Kwa kawaida njia ile huwa nampa Benedicta hadithi: lile ghorofa lilijengwa kinyumenyume wakaanza na bati, yule paka ni mstaafu wa polisi. Siku ile nilibeba bahasha tu. Nilikuwa nimegundua jambo. Uongo wangu wote niliusimamisha juu ya kivuli kile. Nilikuwa nikisema mama yako alikuwa hivi na hivi, nanyoosha kidole, kivuli kinashuhudia. Hata kikinisuta, kilikuwepo. Sasa nikifungua mdomo kumsema Atupele, nitakuwa mzee anayeongea peke yake.

Nyumbani, kuta bado zina mstari wa tope mpaka usawa wa kiuno. Rangi tumepaka, mstari unarudi. Benedicta alichagua picha moja akaisimamisha mezani, palipotandikwa kitambaa cha kesho. Yeye mwenyewe yumo, mdogo, jino limevunjika kwa kuanguka, ameinua uso na anamchekea mtu kwa moyo wake wote. Mbele yake hakuna mtu.

Akaitazama muda. Akaweka kidole kwenye nyasi, mahali penyewe, akakiondoa.

"Baba, alikuwa na urefu gani?"

"Mrefu," nikasema. "Robot zikizimika, manispaa..."

"Baba."

Nikaacha.

"Najua alikuwa mfupi. Mama mkubwa aliniambia kwenye simu nikiwa bado shule ya msingi. Alisema mimi na mama tungeazimana sketi."

"Ulijua? Miaka yote hiyo? Mbona ulikuwa unaniuliza?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Na ulikuwa unamtaja." Alimfungua mtoto mgongoni akamhamishia kifuani. "Lakini leo usinisimulie. Leo niambie tu. Mfupi kiasi gani?"

Nikatafuta namba, sina. Hakuna mtu anayempima mkewe kwa futi. Nikatazama mlango, friji, rafu ya vikombe. Vyote ni vipya, vile vya zamani vilikwenda na maji; hakuna hata kimoja kilichowahi kusimama karibu naye. Katika nyumba nzima kitu pekee kilichobaki ambacho Atupele aliwahi kusimama karibu nacho ni mimi.

Nikanyoosha kiganja, nikakishusha polepole, nikakipandisha kidogo, mpaka mkono wenyewe ukakumbuka.

"Alikuwa ananifika hapa," nikasema. "Chini ya kidevu. Nilikuwa naweka kidevu juu ya fundo la kilemba, ananiambia mimi si meza."

Benedicta akasogea na mtoto wake, akasimama pale, akaingiza kichwa chini ya kidevu changu. Kikaenea. Hakikuzidi wala hakikupungua.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Tulisimama hivyo. Mtoto alibanwa katikati yetu, akawa anavuta kifungo cha shati langu. Kisha nikasikia binti yangu anamnong'oneza, chini kabisa, kama alivyokuwa akifanya na albamu yake.

"Mwamkie bibi, mama. Sema shikamoo, bibi."

Zamu yangu ya kuitikia marahaba ilikuwa imefika. Niliitafuta ile sauti yangu nyembamba, ya nyuma ya mlango wa jikoni. Nikakohoa, nikaitafuta tena. Haikuja.