Maji ya Kilima cha Dubong

Siku kijana wa ofisi ya afya alipopigilia kibao chekundu kwenye chemchemi ya Kilima cha Dubong, wazee wa mtaa walikisoma kwa makini, wakakitikisia vichwa, kisha wakakitundikia kofia zao. Kilikuwa kimewekwa kwenye kimo kizuri cha kutundikia. Kufikia mwisho wa wiki kilikuwa kimebeba kofia, taulo za jasho na koti la mtu asiyejulikana, na maneno HAYAFAI KUNYWEWA hayakuonekana tena. Basi watu wakaendelea kunywa kama walivyokunywa tangu mtaa ule ulipokuwa kijiji.

Mama Gyutae peke yake ndiye aliyeogopa. Jina lake hasa ni Maeng Sun-rye, lakini tangu amzae Gyutae, mtoto wake wa pekee, hakuna aliyelitumia jina hilo isipokuwa makarani wa benki. Hakuwa na elimu kuwazidi wengine. Yeye alikuwa na mume mgonjwa tu, na mwenye mgonjwa huamini vibao.

Mumewe, Mzee Pil-seop, alikuwa dereva wa basi la mji mpaka alipostaafu. Aliwazungusha watu mji mzima bila yeye mwenyewe kutembea hatua mia kwa siku, na alijivunia hilo. Kisha kiharusi kikampiga, kikamwachia mguu wa kushoto unaoburuta kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Daktari alisema bila kuzungukazunguka: mzee asipotembea kila siku, mguu ule utasahau kazi yake, na baada ya hapo ni kiti na kitanda tu.

"Nitembee niende wapi?" Mzee Pil-seop aliuliza.

"Popote, mzee. Hata kuzunguka bustani."

"Kutembea ili urudi ulikotoka ni kazi ya mbwa."

Lakini maji yalikuwa jambo jingine. Katika mtaa wa Dubong hakuna mtu mwenye heshima zake aliyekunywa maji ya bomba. Ya bomba yalikuwa ya kufulia na kuoshea kabichi. Ya kunywa yalitoka kilimani, na kila familia ilikuwa na ushahidi wake: huyu alipona vidonda vya tumbo, yule alipata mtoto, mwingine nywele zilirudi upande mmoja. Kwa hiyo kila asubuhi Mzee Pil-seop aliegemea mkongojo wake, akalaani kila ngazi ya njia ile, na akapanda. Juu alikunywa kata nzima, akajifuta mdomo, akajaza chupa, akashuka. Mguu ukaanza kukumbuka. Daktari akajisifu kwa dawa zake.

Mama Gyutae alijua ukweli. Maji yakiondoka, mguu unaondoka. Na kibao kilisema maji yana vijidudu vya kinyesi. Basi alikuwa njia panda: huku kunywa, kule kukaa, na pande zote mbili mumewe anaharibika.

Akachagua njia ya tatu, ile ambayo wanawake wengi walioolewa wanaifahamu. Kila asubuhi alificha kifuani mwa koti chupa ndogo ya maji ya bomba aliyoyachemsha na kuyapoza. Wakifika juu, yeye ndiye aliyeshika kata, akampa mumewe mgongo, akamimina, akageuka na kumpa kwa mikono miwili. Zile chupa za kubeba alizimwaga wakifika nyumbani na kuzijaza upya jikoni.

"Unaona?" mzee alimwambia. "Haya hayana mwenzake. Ya bomba yananuka dawa."

"Kweli, Baba Gyutae."

Huko chini mji ulikuwa unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Mashamba ya vitunguu yalikuwa yamegeuka majumba ya ghorofa ishirini, na sasa reli ya chini ya ardhi ilikuwa inasogezwa mpaka chini ya kilima chao. Kituo kilikuwa kinachimbwa. Kilichobaki ni jina, na manispaa ilikuwa inasita kati ya mawili: Chemchemi, kwa sababu ya maji, au Machinjioni, kwa sababu ya machinjio ya zamani yaliyokuwa pale pale penye shimo.

Habari hiyo ilijadiliwa kila asubuhi kilimani, kwenye mashine za mazoezi zilizozunguka chemchemi. Aliyeijadili kwa uchungu zaidi ni Mama Hyeri, mwenyekiti wa chama cha wanawake wa majumba yale, mwanamke aliyejua bei ya kila nyumba kuliko mwenye nyumba mwenyewe.

"Nani atanunua nyumba Machinjioni?" aliuliza.

"Mla nyama," alijibu Mzee Pil-seop, akizungusha gurudumu la mabega.

"Wewe cheka tu, Baba Gyutae. Mwanao atapata mchumba akisema kwao ni Machinjioni?"

"Yule ana miaka arobaini na tano. Hapati hata akisema kwao ni mbinguni."

Watu wakacheka, na hata Mama Gyutae alicheka, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mama.

Kisha yule kijana wa afya akapanda tena kilima. Aliitwa Bwana Noh, na alifika juu amelowa jasho na uso mwekundu kama pilipili. Akaziona kofia juu ya kibao chake, akazitoa moja moja na kumrudishia kila mwenyewe kwa adabu.

"Mama zangu, baba zangu, mwezi ujao tunapima tena," alisema. "Yakishindwa mara ya pili, nimeagizwa niizibe chemchemi kwa saruji."

"Kaa kwanza, mwanangu," Mama Hyeri alimwambia. "Kula tango. Kunywa maji."

Tango alilichukua. Kwa maji alitoa chupa yake ya dukani.

"Mtoto mzuri," mama mmoja alisema alipokwisha kushuka. "Lakini kwa maji yale ya dukani, sijui kama atazaa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Chemchemi ikizibwa, kituo ni Machinjioni. Mama Hyeri aliwaambia wanaume watangulie, kisha akawakusanya wanawake karibu na tangi. Maji ya kilima yalikuwa yanaingia kwanza katika tangi dogo la saruji ndipo yatokee kwenye mdomo wa jiwe. Mmoja akashauri dawa ya kufulia nguo nyeupe. Mwingine akashauri chumvi. Wa tatu akasema wamwombe mkubwa wa Bwana Noh, ambaye mkewe anatoka mtaa wa pili.

Mama Gyutae alikuwa anafikiria mguu mmoja tu katika dunia nzima, na mdomo ukamponyoka.

"Ukichukua ya bomba ukayaacha yakatulia, mnywaji hatambui."

Mama Hyeri akamtazama.

"Umejuaje?"

"Nimesikia watu wanasema."

Mama Hyeri aliendelea kumtazama kidogo, kisha akalitazama tangi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jioni mbili kabla ya kupimwa, kila mwanamke alijaza maji ya bomba kwenye mabeseni yake makubwa ya kuchachishia kabichi ya kimchi na kuyaacha wazi roshani, ili harufu ya dawa itoke. Kesho yake wakalikausha tangi, wakalisugua, wakaziba tundu la kilima kwa matambara, wakaanza kubeba. Watu waliokataa kuyanywa maji ya bomba yalipowafuata mpaka jikoni sasa waliyapandisha mlimani kwa migongo yao, wakipumzika kila kona na kushikana viuno. Waume waliambiwa ni mazoezi. Mzee Pil-seop aliwaona kutoka dirishani, akamsifu mkewe kwa kuanza kujali afya.

Bwana Noh alikuja, akachota, akashuka. Majibu yaliporudi yalikuwa mazuri kuliko ya chemchemi yoyote ya mkoa. Kibao chekundu kikang'olewa, kikaja cha bluu. Kituo kikaitwa Chemchemi. Bei za nyumba zikapanda kabla ya treni kufika, na wageni wakaanza kuja kwa mabasi na madumu, wakapanga foleni mpaka kwenye ngazi. Matambara yalikuwa yameshatolewa na kilima kilikuwa kinatoa yale yale kiliyoyatoa siku zote, lakini nani atabishana na kibao cha bluu. Wanawake wenyewe waliobeba walianza kusema kwamba kweli yana utamu fulani.

"Hata ya bomba," Mama Hyeri alieleza, "yakikaa mlimani yanabadilika."

Mama Gyutae hakuiacha chupa yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha vizuri: mumewe anapanda, anakunywa salama, mguu unarudi. Alishukuru, na kwa mara ya kwanza tangu kile kiharusi alilala usingizi wa kweli.

Ndipo ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa wazee. Bwana Noh, ambaye kwa mafanikio yale alikuwa amepandishwa cheo, alikuja na picha kubwa ya rangi. Alisema manispaa inaguswa sana na afya ya wazee. Haipendezi watu waliokula chumvi nyingi kupanda ngazi zile kila siku wakati teknolojia ipo. Kwa hiyo maji yatateremshwa kwa bomba mpaka kwenye majumba, na mfereji utawekwa pale pale mlangoni, karibu na lifti.

"Hakuna mzee wa Dubong atakayepanda tena hata hatua moja," alimaliza.

Ukumbi ulipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Mzee Pil-seop. Mkewe aliutazama mguu wake wa kushoto, uliokuwa unapiga sakafu kushangilia. Akasimama.

"Msiyateremshe," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kule kupanda ndiko kunakowasaidia."

"Hilo tumelifikiria," Bwana Noh alisema kwa upole. "Tutaweka mashine ya mazoezi pembeni ya lifti."

"Kaa chini, mama," mumewe alimnong'oneza. "Unatuaibisha."

Hakukaa. Alijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyamwaga.

"Maji mliyoyapima si ya kilima. Ni ya bomba. Tuliyabeba sisi wenyewe kwa migongo. Mengine yalitoka jikoni kwangu."

Mama Gyutae akawageukia wanawake wenzake, mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuta jambo la muhimu kwenye ncha ya viatu vyake. Bwana Noh alikuwa amepauka. Akaitazama picha yake ya rangi, akalitazama bango la kituo kipya ukutani, na polepole damu ikamrudia.

"Mama," alisema, "majibu yale yana muhuri."

"Mama Gyutae amechoka," Mama Hyeri alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Tangu mumewe augue hajapumzika. Tumwombee."

Wakapiga kura. Mradi ulipita bila pingamizi, maana penye wengi hapaharibiki neno, na lile moja lililoharibika halikuandikwa.

Katika ukumbi mzima ni mtu mmoja tu aliyemwamini, na huyo alikuwa mumewe. Alimwuliza walipofika nyumbani na kuvua viatu.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Na zile kata ulizokuwa unanipa kwa mikono miwili?"

"Ya bomba pia. Tangu kibao chekundu." Akaongeza, "Niliyachemsha."

"Nimeyasifu mbele za watu."

"Uliyasifu vizuri."

Mzee alikula supu yake akiwa ameigeukia televisheni ambayo haikuwashwa.

Asubuhi Mama Gyutae alimkuta mlangoni, amekwisha kufunga viatu.

"Unakwenda wapi? Mvua imenyesha siku zote hizi, njia inateleza."

"Kunywa maji. Na sinywi tena yaliyopita mkononi mwa mtu."

Akatoka. Mama Gyutae alimfuata, akagundua kwamba inambidi aharakishe. Hasira ilikuwa inamvuta mzee kuliko tabibu yeyote. Alilipita benchi la kwanza la kupumzikia, akalipita la pili, akawapita wageni wenye madumu bila kuwasalimu. Kufika juu aliinyakua kata mwenyewe, akakinga. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu. Mama Gyutae alifungua mdomo amzuie. Kisha akautazama mguu, uliokuwa umesimama juu ya jiwe lenye utelezi bila kutetemeka, na akaufunga.

Mzee alikunywa kata moja. Akaongeza ya pili, akimkazia mkewe macho.

"Haya ndiyo maji," alisema.

Kabla ya adhuhuri tumbo lilianza kunguruma. Alikuwa ameketi sebuleni, bado amenuna, mara akatoa macho, akainuka, na akakimbia. Mama Gyutae alisimama na kisu mkononi na nusu ya figili kwenye ubao. Mtu yule hakuwa amekimbia tangu alipokuwa anaendesha basi, na hata wakati ule alikuwa hakimbii. Mkongojo ulikuwa umeanguka karibu na kiti, na mlango wa choo ulikuwa bado unatikisika.

Akausogelea mlango akiwa na dawa ya tumbo na bilauri. Aliona haya, akaona na furaha, na hakujua aanze na ipi.

"Baba Gyutae, u salama?"

"Unaona?" sauti ya mzee ilitoka ndani, nyonge lakini yenye ushindi. "Unaona ulivyonifanya? Ni yale maji yako ya bomba. Miezi yote hiyo. Leo nimekunywa ya kweli, ndiyo yanayatoa."

"Ndiyo, mume wangu."

"Kesho napanda tena, mapema zaidi. Nikajisafishe."

Mama Gyutae aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

"Panda," alisema. "Tutakwenda wote."