Eda ya Saadiya Mtaa wa Mtoni

Mimi sina subira, na dada yangu Saadiya alijua hivyo. Lakini alipofiwa na mumewe Bwanaheri akakaa eda, kila alasiri nilikwenda kumsimulia mtaa wake wa mtoni, maana mjane hatoki. Na mtaa ule wa Voi, miaka ya hamsini, ulikuwa na maringo wallahi: baraza za chokaa, milango ya rangi, santuri ikilia dukani kwa Jaffar.

Kiangazi nilimwambia mto umebaki mchanga, wanawake wanachimba maji, na mabwana wa reli wanapita humo humo na viatu vyao vya kung'aa. Ukaja upepo wa vumbi jekundu, nikamwambia Jaffar kapaka mlango wake kijani, hovyo kabisa. Akacheka. Masika ilipoanza, nikamwambia milima ya Taita, unakotoka mto wetu, imezama mawinguni. Siku hiyo hakucheka.

Eda ikikaribia kwisha, mto ukapanda barazani. Nilimkuta kakaa kitandani, maji yakimfika miguuni.

"Saadiya, maji yamezidi unga. Toka. Dini inaruhusu dharura."

"Nikitoka mtaa mzima utaniona. Watasema nimechoka kumlilia Bwanaheri. Siwezi kumwaibisha kaburini mwake."

"Ufe humu kwa kuogopa midomo ya watu? Basi tufe wawili."

Nikaketi kando yake, nimekasirika, tena naogopa. Kuta zilikuwa za udongo, nami nilizisikia zikimeguka.

Mlangoni akatokea jirani yetu Wakio, Mdawida wa milima ya Taita, maji yamemfika magotini. Alimtazama dada yangu, akaelewa, akageuka kuwaita wanawake wenziwe. Walikuja na kanga, na mashuka, hata pazia la Jaffar. Wakaziinua nguo hizo juu, wakatuzungushia pande zote.

"Haya dada," Wakio akasema, "wanaume nimewaambia wageuke. Hakuna mtu atakuona. Twende."

Saadiya akainuka, analia.

Tukatembea katikati ya nguo zile zilizolowa. Mtaa haumwoni, naye hauoni.

"Tumefika wapi?" akaniuliza.

Nikamsimulia kama siku zote. "Kwa Jaffar. Ule mlango wa kijani."

Nyuma yetu kukasikika kishindo. Nikachungulia juu ya kanga. Pale lilipokuwa paa la nyumba ya Saadiya palikuwa na maji tu.

"Nini hicho?"

"Radi," nikamwambia. "Tembea, dada yangu."