Mashavu ya Diwani

Pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, ukitaka jina jipya ulikuwa huendi kwa padri wala kwa shehe. Ulipita tu mbele ya kichanja cha Asnath, mwanika dagaa. Alphonce mchuuzi, kwa jinsi alivyotembea tumbo likimtangulia, aliitwa Meli Imekuja. Skolastika, jirani yake Asnath na mwenzake wa kazi, aliitwa Redio Mbao. Hata mumewe mwenyewe, Gasper, aliyekwenda kuvua Kagunga tangu Pasaka asirudi, alipewa lake: Hapatikani, kwa heshima ya yule dada wa kwenye simu.

Mwanawe wa mwisho, Kasiani mdogo wake Elinipa, wa miaka miwili na ushee, alimwita Diwani. Jina hilo lilikuja na unga.

Unga wenyewe ulikuwa wa ruzuku, sembe nyeupe pe, ukiuzwa dukani kwa Hamdani kule Bangwe kwa karibu nusu ya bei ya sokoni. Sharti lilikuwa moja: unachukua mfuko mzima, haufunguliwi, haupimwi. Na Asnath tangu azaliwe alikuwa mtu wa kupimiwa. Ujira wake wa siku ulikuwa vijisenti na bakuli la dagaa. Vijisenti vilinunua unga wa muhogo wa siku hiyo, bakuli likaingia sufuriani na mawese. Sasa, ili aufikie mfuko mzima, bakuli likawa linaishia mikononi mwa Alphonce kabla halijaiona nyumba. Dagaa wakawa pesa, pesa ikawa sembe, na nyumba ikajaa sembe. Uji asubuhi, ugali mchana, ugali jioni, kwa chumvi au kwa chai ya rangi.

"Shoga, jana watoto wamelala bila kugombana nani kamega tonge kubwa," alimwambia Skolastika. "Nikadhani nimeingia nyumba ya watu."

Walipofika mfuko wa tatu, Kasiani akanawiri. Mashavu yakajaa, miguu ikanenepa na kung'aa, nywele zikalainika na kupata wekundu kama za mtoto wa mtalii. Vichanja vizima vikamshangilia.

"Mwakeye, Mheshimiwa!" wanawake walimsalimu kwa Kiha. "Barabara yetu lini?"

"Hawajibu huyo," Asnath akawajibia. "Kashashiba, kawasahau wapiga kura."

Kweli alikuwa hajibu, na si siku hiyo tu. Hakulia tena. Hakufukuza kunguru kwenye dagaa kama zamani. Alikaa pale alipowekwa. Asnath aliiita hiyo adabu.

Aliyeukata mzaha ni Recho, mhudumu wa afya wa mtaa, aliyekuwa akipita na daftari lake. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akahesabu mpaka kumi, akakiondoa. Shimo likabaki palepale, kama la tonge lililobonyezwa tayari kuchota mchuzi.

"Mama Elinipa, mtoto anakula nini?"

"Anakula kukushinda wewe! Huyaoni mashavu?"

"Ugali. Ugali na nini?"

"Na chumvi," Asnath alisema. Nyuma yake kichanja kilikuwa kimefurika dagaa, wanameta juani.

"Huo si unene, mama. Ni maji. Mbebe twende hospitali, sasa hivi."

Hospitali walimpa maziwa maalumu, kikombe kidogo kila baada ya saa tatu. Siku ya nne, Diwani akaanza kuondoka. Mashavu yakaporomoka, miguu ikawa vijiti, mbavu zikachomoza. Kila asubuhi mizani ilishuka. Mapajani mwa Asnath kukabaki katoto kageni, kenye uso wa kizee.

Siku ya sita akaja Skolastika, mgongoni kambeba Elinipa wa miaka minne, dada yake Kasiani, ambaye Asnath alimwachia amtunze pamoja na kile kilichobaki cha mfuko wa sembe.

"Yesu wangu! Wamemfanya nini?" Akashika mdomo. "Kaingia mnene, anatoka ufito. Mtoe, shoga. Kaka yangu Leonardi yuko nje na pikipiki. Tutampikia uji wetu, unga upo."

Asnath alikuwa akiliwaza hilo tangu jana. Akakaza kanga kiunoni, akamnyanyua mtoto. Mwepesi kama dagaa wa siku mbili juani. Ndiyo utani uliomjia, akaumeza.

Muuguzi Jovita akasimama mlangoni.

"Mama, yaliyoondoka ni maji. Huyu ndiye mwanao. Alikuwa hivihivi siku zote, maji yakamficha. Ukimtoa leo, unakwenda kumzika. Bonyeza mguu mwenyewe."

Asnath akabonyeza. Akahesabu mpaka kumi kama Recho, akaondoa kidole. Ngozi ikarudi, taratibu, ikakaa sawa.

Akamlaza tena kitandani. "Tunabaki."

Skolastika akaguna. "Haya, mwenye mtoto ni wewe. Ila kwa huyu wa kwangu usiwe na wasiwasi. Namshindilia ugali mpaka anakataa. Mtazame alivyojaa!"

Akamshusha Elinipa. Msichana akasimama pale alipowekwa. Hakumkimbilia mama yake, wala hakuuliza mdogo wake ana nini. Mashavu yake yalikuwa ya duara, yanang'aa.

"Si umpe na yeye jina?" Skolastika alisema, akikitafuta kile kicheko chao cha vichanjani. "Huyu naona ni Mbunge kabisa."

Asnath hakucheka. Alipiga magoti kwenye sakafu, akaushika mguu wa binti yake, akaweka kidole gumba juu yake na kubonyeza.

Akahesabu mpaka kumi. Kisha akaendelea kuhesabu, kidole kikiwa palepale.