Alama ya Mguu wa Ndege

Annegret Pohlisch alikuwa na kamera arobaini na moja na mdogo wake mmoja wa kiume, na kwa miaka tisa alizijali kamera tu. Kila Jumapili asubuhi ungemkuta kando ya mto, kwenye soko la vitu vya kale, ameinamia masanduku ya watu, anapuliza vumbi kwenye vioo, anazungusha pete za lenzi kwa kidole gumba huku ametega sikio kama daktari. Wauzaji walimjua. Wakimwona tu walipandisha bei, naye akiwaona tu alianza kulalamika kuhusu ukungu ndani ya lenzi, hata kama ukungu wenyewe haupo.

Watu wa Görlitz, mji wa mashariki mwa Ujerumani, hawamshangai mtu mwenye ugonjwa huo. Lenzi zilitengenezwa pale pale mjini mpaka Ujerumani mbili zilipoungana na kiwanda kikafungwa, na ni shida kupata ukoo usio na shangazi aliyesugua kioo au mjomba aliyekaza skrubu. Baba yake Annegret, mzee Alwin, alikalia meza moja kiwandani humo miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mirija miwili ya shaba inayozungukana ndani ya lenzi na kusogeza vioo mbele na nyuma ili picha iwe kali. Mirija hiyo ina nyuzi kama za kifuniko cha chupa, ila zinaanzia sehemu sita. Ukiingiza penye mwanzo wake, lenzi inasema kweli. Ukikosea, inaingia vizuri, inazunguka vizuri, na kuanzia hapo inakudanganya kila siku.

Ndiyo maana kila fundi alikuwa na alama yake. Akishaunganisha aliikwaruza kwa sindano kwenye ukingo wa shaba, mahali ambapo mnunuzi hafiki, pamoja na mwezi na mwaka. Lenzi ikirudi na kasoro, kasoro ilijua njia ya kwa mwenyewe. Alama ya mzee Alwin ilikuwa mguu wa ndege, vidole vitatu vyembamba, na alipostaafu alijigamba mpaka watu wakachoka: katika miaka yote ile hakuna mguu wa ndege uliowahi kurudi mezani kwake.

Ugomvi wa Annegret na mdogo wake ulitokana na lenzi moja, ile ambayo mzee aliiunganisha mwenyewe mwezi Machi, sitini na saba, akainunua na kwenda nayo nyumbani. Agosti ya mwaka wa mwisho wa uhai wake, Jochen, ambaye ni fundi wa lenzi kule Zittau, aliichukua kuisafisha, akairudisha baada ya wiki. Oktoba, Annegret alimpandisha baba yao kilima cha Landeskrone, polepole, wakipumzika kila benchi, na kule juu akampiga picha filamu nzima, thelathini na sita. Kamera yenyewe ni ya zamani, haikuonyeshi kama picha ni kali au la. Unakadiria umbali kwa macho, unaweka namba kwenye pete, unaiamini lenzi. Annegret aliiamini. Desemba mzee akafariki. Januari Annegret akaisafisha filamu bafuni, akaiinua kwenye taa, na baba yake hakuwemo. Kilichokuwemo ni ukungu uliovaa kofia, mara thelathini na sita.

Alipiga simu Zittau filamu ikiwa bado inachuruzika.

"Uliifungua ile lenzi?"

"Ni mimi, dada," Jochen alisema. "Nisamehe."

"Umenifutia baba, Jochi. Usikanyage kwangu tena."

Na Jochen, ambaye tangu utotoni hakukubali kosa hata akikamatwa na jamu mdomoni, hakujitetea hata kwa neno moja. Hilo pekee lingetosha kumshtua dada mtu. Lakini Annegret alikuwa amefura, na akiwa amefura hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Lenzi akaitupa kwenye droo. Kila Krismasi ilikuja kadi kutoka Zittau, na kila kadi iliingia droo hiyo hiyo bila kufunguliwa.

Baada ya miaka tisa, chama cha wapiga picha kiliamua kufanya maonyesho ya mwezi Juni: kila mwanachama picha moja, iliyopigwa kwa lenzi ya hapa mjini, na ikiwezekana iliyopita mikononi mwa ndugu yake. Annegret alikuwa na lenzi arobaini za kuchagua, na hakutaka hata moja kati ya hizo. Alitaka ile ya kwenye droo.

"Sina mtu wa kuitengeneza," alimwambia mwenyekiti, Bwana Bittrich, mzee anayetembea na kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni hata akienda kununua mkate.

"Unaye. Yuko Zittau."

"Sina, nimekwambia."

"Haya, ifungue mwenyewe basi, usininunie mimi. Ila Bi Annegret, nakusihi, mirija ikianza kulegea weka alama pale inapoachania. Alama kwanza! Nimezika lenzi ngapi za watu waliosema, aa, nitakumbuka."

"Bwana Bittrich, mimi ni mtoto wa Alwin Pohlisch."

"Ndiyo maana nakwambia mara mbili."

Jumamosi asubuhi alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya jikoni, akaweka trei ya mayai ya kutengea skrubu, akaanza. Pete ya mbele ikatoka. Vioo vikatoka, akavifunika. Ukingo wa shaba ukabaki wazi, naye akauinamia na kioo chake cha kukuzia, maana tangu azaliwe alikuwa hajauona mguu wa ndege wa lenzi hiyo. Ulikuwepo, mdogo, mwembamba, umenyooka: 3/67. Akatabasamu peke yake.

Halafu akauona wa pili. Huu ulikuwa mkubwa, unatetemeka, kidole kimoja kimepanda juu ya kingine kama umechorwa ndani ya gari linalokwenda. Pembeni yake: 5/14.

Alisoma mara tatu. Mei. Jochen aliichukua Agosti ya mwaka huo huo.

Ikamjia Mei hiyo. Baba yao alijifungia jikoni nusu siku akisema anamenya viazi, kisha akatoka wakati wa chakula bila kiazi hata kimoja. Walicheka sana mezani. Yeye, Annegret, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Akili ilikuwa huko, lakini mikono ilikuwa bado inazungusha. Mirija ikalegea, ikalegea tena, ikatoa mlio mdogo na kuachana, mmoja mkononi, mmoja kwenye kitambaa. Alama hakuweka. Mtoto wa Alwin Pohlisch, na kamera zake arobaini na moja, alikuwa amefanya kosa lile lile alilomnunia mwenzake miaka tisa. Alikaa pale jikoni akacheka kidogo, kisha akalia sana.

Treni ya Zittau si safari ndefu. Trei ya mayai aliipakata, na mkobani alitia kadi zote tisa. Alizifungua njiani moja baada ya nyingine. Zilikuwa na theluji tofauti na malaika tofauti, lakini maneno ni yale yale: Niletee ile lenzi, nitaitengeneza. Jochi. Mama mmoja wa kiti cha mbele alimpa karatasi ya kufutia pua bila kuuliza kitu.

Jochen alifungua mlango akiwa na aproni, kipande cha keki ya mbegu mkononi. Walitazamana.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Umezeeka, dada."

"Na wewe tumbo hilo umelitoa wapi?"

"Nimelilea mwenyewe. Umeniletea mayai?"

Annegret alifunua trei. Jochen aliangalia ile mirija miwili, mmoja hapa, mmoja pale, akamwangalia dada yake.

"Nimeiachanisha," Annegret alisema. "Bila alama."

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe, dada? Wewe uliyeniambia..." Hakumaliza. Alicheka mpaka akashika mlango, makombo ya keki yakamwagika barazani.

"Cheka tu, cheka ushibe," Annegret alisema. "Ukimaliza uniambie kuhusu Mei. Nimeuona mguu wa ndege, Jochi. Wa pili."

Kicheko kilikatika. Jochen alimkaribisha ndani, akamketisha kwenye kiti cha pembeni ya meza yake ya kazi, akamkatia keki ambayo hakuna aliyeila.

"Alikaa hapo hapo ulipokaa," alisema. "Agosti, nilipoichukua, alikuja nayo kwenye gari langu, akakataa kuiacha, akakaa hapa wiki nzima. Niliizungusha mara moja tu nikajua. Nikamwambia, baba, ngoja niifungue. Akanishika mkono. 'Usiifungue, nimeifunga mimi mwenyewe. Iko sawa.' Ungeiona ile mikono, dada. Kikombe cha kahawa tu kilikuwa kinamshinda. Ningemwonyesha vipi kwamba kakosea? Yeye?"

"Ungeniambia mimi."

"Aliniapisha nisiseme kwamba aliigusa. Nikasema moyoni, nitairekebisha kimyakimya, siku akiwa amesahau. Nikachelewa. Mkapanda kilima. Hapo kosa ni langu kweli, sikatai."

"Na nilipokupigia simu? Alishazikwa, Jochi. Ulikuwa unamlinda nani?"

Jochen alisugua masharubu. "Lile kosa lilikuwa linatafuta mwenyewe. Yeye alikuwa hawezi tena kujibu, mimi nilikuwa hai. Nikaona nitalimudu."

"Miaka tisa!"

"Mimi nilidhani utanuna mpaka Pasaka."

Annegret alimpiga begani, kwa nguvu, kama walivyokuwa wakipigana utotoni, kisha akalishika bega lile lile na hakuliachia. Alitaka kuomba msamaha kwa maneno mazuri aliyoyapanga kwenye treni, yakamkwama. Akasema tu, "Nimekukosea, mdogo wangu. Nimekukosea vibaya."

"Haya, haya. Nishikie tochi."

Kazi waliifanya wawili. Jochen alibandika karatasi nyembamba ya kuonea nyuma ya kamera, mahali inapolala filamu, akaielekeza dirishani, kwenye mnara wa kanisa ulioko mbali juu ya mapaa. Aliingiza mirija penye mwanzo wa kwanza, akarudisha vioo, akaweka pete kwenye namba ya mbali kabisa. Mnara ulitokea kwenye karatasi, kichwa chini, mlaini kama uji.

"Siyo," Annegret alisema.

Wa pili, siyo. Wa tatu, Jochen alisema karibu, Annegret akasema karibu haipo, ama ndiyo ama siyo, na Jochen akasema anamsikia baba yao akizungumza. Walifungua tena, wakafunga tena. Kwenye wa nne Annegret alisogeza uso mpaka pua ikagusa karatasi. Saa ya mnara ilikuwa na namba, kila moja imesimama peke yake. Chini ya saa palikuwa na njiwa.

"Rudia," alisema kwa sauti ndogo. "Isije ikawa ni macho yangu."

Walirudia. Njiwa alikuwa ameruka, namba zilikuwepo.

Jochen alimpa sindano. "Aliyeiachanisha ndiye anaweka alama."

"Sina alama, mimi si fundi."

"Chora tu."

Annegret alifikiri, kisha chini ya ule mguu unaotetemeka akachora mguu wa ndege wa tatu. Jochen aliuangalia kwa kioo akasema amechora uma. Hata hivyo alichukua sindano akaweka alama yake mwenyewe pembeni, na mwezi, na mwaka. Kisha Annegret alitia filamu, akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akapima kutoka kwenye kamera mpaka kwenye pua ya mdogo wake.

"Unanipima suti?"

"Mita moja na nusu. Nyamaza, usicheke."

Alicheka, bila shaka. Ndiyo picha aliyoitundika mwezi Juni ukumbini: Jochen na aproni yake, mdomo wazi, kila unywele wa masharubu unahesabika, na kombo la keki kwenye kidevu. Watu waliizunguka. Bwana Bittrich aliikagua kwa kioo chake kuanzia kona hadi kona, akaguna kwa kuridhika, jambo ambalo halimtoki mara kwa mara.

"Kali sana," alisema, kwa ile sauti yake inayofika mpaka mlangoni. "Hivi, Bi Annegret, hii si ndiyo ile lenzi aliyoiharibu mdogo wako?"

Vichwa viligeuka, maana mji mzima uliijua hadithi hiyo. Annegret mwenyewe ndiye aliyeieneza. Karibu na meza ya kahawa Jochen alisimama na sahani mkononi, akaanza kuinamisha kichwa, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na picha ya zamani ya kiwanda, na katika safu ya pili ya mafundi alikuwepo mzee Alwin, kifua mbele.

"Hapana," Annegret alisema, akahakikisha na sauti yake inafika mpaka mlangoni. "Aliyeiharibu ni mimi. Niliifungua bila kuweka alama. Jochi ndiye aliyeitengeneza."

"Bila alama!" Bwana Bittrich alishika kichwa. "Na nilikwambia mara mbili!"

Watu wakaangua kicheko, na Annegret akawaacha wamcheke. Jochen alikuwa ameinua kichwa, anamtazama dada yake kutoka upande wa pili wa ukumbi, macho yamejaa maji. Annegret alichukua kikombe chake akaenda kusimama karibu naye.