Ukurasa wa Batili

Fomu zililetwa kwa pikipiki ndani ya viroba vya mbolea, na harufu ya mbolea haikuzitoka. Sikuzani alizichambua moja moja chini ya feni isiyozunguka, akizipangusa vumbi kwa pindo la mtandio kabla ya kuzichapa kwenye kompyuta. Nyingine zilikuwa na matone ya mchuzi, nyingine na utomvu wa korosho ulioacha doa jeusi. Zilikuwa elfu mbili na mia tatu, za wakulima wa vijiji vya Fukayosi na Kiwangwa, na kila moja ilieleza shamba la mtu: liko wapi, limepakana na nani, lina minanasi na mikorosho mingapi.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imepewa zabuni ya kuorodhesha wakulima kabla mwekezaji wa mananasi hajakabidhiwa eneo. Aliyekuwemo kwenye orodha angebaki na shamba lake. Asiyekuwemo, shamba lake lingehesabiwa pori.

Miaka sita Sikuzani alikuwa karani wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kila jioni macho yalimtoka machozi, na kiti chake cha plastiki kilishavunjika egemeo. Lakini kazi aliijua. Alijua kwamba mtendaji wa Fukayosi huandika saba kama moja. Alijua kwamba mtu akiacha wazi mstari wa namba ya kiwanja si mwongo. Mashamba ya huko hayajawahi kupewa namba. Fomu ikimtatiza, alipiga simu kijijini kwa salio lake mwenyewe.

"Shikamoo, Bibi. Ule mkorosho mkubwa uko upande wako au wa jirani?"

Alisubiri jibu, kisha akaandika.

Mwezi wa Juni meneja, Madam Natalia, alimleta kijana kutoka Dar aitwaye Clever. Clever hakumwamkia.

"We ndo Siku? Nimekuja kukurahisishia kazi."

Akafungua kompyuta yake, akavuta viboksi vitatu kwenye kioo, akaviunganisha kwa mishale. Hakuandika programu yoyote. Alivuta na kuachia tu, kama mtu anayepanga sahani mezani. Akaipiga fomu picha. Akili mnemba ikaisoma, na mstari mzima ukajitokeza wenyewe kwenye jedwali. Madam Natalia akapiga makofi.

"Fomu mia tano kwa siku moja," Clever alisema. "We unaingiza ngapi?"

"Arobaini," Sikuzani akajibu. "Nikiwa sina ya kuuliza."

Clever na Madam Natalia wakacheka.

Aliambiwa akae na mfumo wiki mbili, ausahihishe kila unapokosea ili ujifunze. Akaufundisha. Akaufundisha saba ya mtendaji, akaufundisha kwamba Mwanaharusi ni jina moja, si mawili. Kila kosa alilosahihisha lilimpunguzia siku za kukaa pale, naye alilijua hilo; lakini chumba alichopanga mtaani Dunda kilikuwa na watoto wawili wanaokula. Mchana Clever alikula kuku mezani kwake, akachomoa fomu kirobani, akatemea mifupa juu yake. Kisha akaikunja na kuitupa. Sikuzani aliiokota kwenye ndoo ya taka, akaifuta mafuta. 

Siku ya kumi alikuta jedwali lina watu elfu moja mia nane themanini na wanane. Pembeni palikuwa na ukurasa wa pili alioutengeneza Clever, umeandikwa Batili. Humo mlikuwa na watu mia nne na kumi na wawili. Akawasoma mpaka mwisho, kisha akaenda kwa meneja.

"Madam, hawa watu wametupwa."

"Hawajatupwa. Mfumo umewaweka kando. Fomu zao hazijakamilika."

"Ni wale waliotia dole gumba. Mfumo unatafuta saini. Tena unataka namba ya kiwanja, na huko hakuna namba. Nipe wiki mbili niwaingize kwa mkono."

Madam Natalia alikuwa anajipaka losheni mikononi. Akamaliza kidole kimoja kimoja.

"Kwani wewe ulikuwa hukosei?"

"Nilikuwa nakosea. Lakini nilikuwa napiga simu."

"Mfumo haupigi simu. Ndiyo maana una kasi." Akafunika kopo. "Mwekezaji ameshaiona orodha, Sikuzani. Ameipenda. Weka saini hapa chini kwamba umehakiki, uende zako salama. Mkataba wako si unaisha Ijumaa?"

"Siweki."

"Haya," alisema Madam Natalia, bila hasira yoyote.

Wiki mbili baadaye Sikuzani alirudi kufuata barua ya utumishi, ili aweze kuomba kazi kwingine. Getini alikuta watu kama thelathini, wamekaa chini kwenye kokoto, akawasalimia. Mwanamke mzee akamnyooshea kidole.

"Sauti hiyo naijua. Wewe si ndiye Sikuzani, uliyeniuliza habari za mkorosho?"

"Ndiye mimi, Bi Mwanaharusi. Shikamoo."

Marahaba haikuja. Bi Mwanaharusi akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi za orodha zilizobanduliwa kwenye ubao wa kijiji.

"Mbona umeniandika simo?"

Chini ya kila ukurasa palichapwa: Imehakikiwa na Sikuzani Ramadhan, karani. Zabuni ilitaka jina la binadamu, na Clever alikuwa ameongeza kiboksi kimoja cha kulijaza. Mate machungu yakamjaa Sikuzani mdomoni. Akageuka, akatema ukutani.

"Sikuandika mimi, Bibi."

"Basi nani?"

 Sikuzani akaligonga geti. Mlinzi akachungulia, akasema malalamiko hayapokelewi ofisini, yanatumwa kwa simu, namba ile pale ukutani. Muda wa kulalamika ni siku kumi na nne tangu orodha ibandikwe, na leo ni ya kumi na tatu.

Sikuzani akaketi kwenye kokoto, akaichukua simu ya Bi Mwanaharusi, akamwandikia malalamiko kwenye namba ile. Jibu likaingia papo hapo: Ujumbe wako umepokelewa. Tuma namba ya kiwanja na picha ya saini yako.

"Kasemaje?"

"Anataka namba ya kiwanja."

"Mwambie haipo. Mwambie mume wangu kalala palepale shambani, na mama mkwe wangu pembeni yake. Aje nimwoneshe. Nitampikia."

Sikuzani akayaandika yote kama yalivyosemwa, hata hilo la kupika. Jibu likaja lilelile, neno kwa neno.

"Kasemaje sasa?" Bi Mwanaharusi aliuliza.

Nyuma yake wengine walikuwa wameshajipanga mstari kwa adabu, kila mmoja na simu yake mkononi, wakimsubiri karani.